Kuni za Chai ya Jumamosi

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa, baba yetu alikufa na mimi nikatoka shule, mwaka wa pili wa primaire. Sikurudi tena. Dada yangu alikuwa na miaka kumi na saba. Alinilea pale Fizi kwa kulima mihogo ya watu, na mimi nikaanza kubeba mbao kichwani kutoka msituni kabla sijaota ndevu. Kutoka kubeba nikaingia kupasua, kutoka kupasua nikaingia kuuza. Leo nyumba nyingi za Baraka zina mbao zilizopita kwenye depo yangu. Hakuna aliyenifundisha. Nasema hivyo mapema ili ujinga nitakaousimulia ueleweke. Nilikuwa na sababu ya kuamini kwamba miti naijua.

Miaka miwili iliyopita nilimpelekea dada viti vya sponji, vile vya sebuleni. Akavipanga ukutani, akaendelea kukaa chini kwenye mkeka. Nikamuuliza kama vina kunguni.

"Viko bizuri," akasema. "Lakini vinanimeza. Nikikaa, siinuki mpaka mutu anivute. Mi nataka kiti kama kile cha baba."

Kiti cha baba kilikuwa cha gogo moja, kifupi, kimechimbwa kidogo juu ili mtu akae vizuri. Tulikiacha tulipokimbia vita ng'ambo ya ziwa, na tuliporudi hatukukikuta. Nikamwambia nitamnunulia kingine cha namna hiyo.

"Kununua unajua," akasema. "Baba alichonga. We, mikono yako inajua nini?"

Mtu mwingine angeniambia hivyo, ningeondoka. Lakini huyu alinibeba mgongoni. Nikamwambia ataona, nikamwahidi kiti cha mikono yangu kabla ya Noeli.

Hapa Baraka kuna watu wanaochonga kila Jumamosi mchana, nyuma ya karakana moja upande wa Mutambala. Si kazi yao, ni kujifurahisha. Mkubwa wao hutengeneza makasia ya wavuvi siku za wiki, na Jumamosi anachonga anachopenda. Yuko infirmier mstaafu, muuguzi wa zamani, anayechonga ndege wasiofanana na ndege yeyote. Yuko mama mjane anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, na miko yake ya ugali ni laini kama imelambwa. Nilikwenda na tezo mpya. Nikawaambia nimeshika miti kabla wao hawajazaliwa, basi wanionyeshe tu namna ya kuishika tezo, mengine nitayajua mwenyewe.

"Karibu, Papa," fundi wa makasia akasema. "Chai iko saa kumi."

Akaendelea kuchonga.

Chai yao ina sheria moja. Inapikwa kwa kazi zilizoharibika. Kila mtu anatazama alichochonga, na kama hakifai, anakitupa motoni kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna anayemwambia mwenzake choma. Infirmier alichoma ndege karibu kila wiki, tena akicheka. Mama mjane alichoma mwiko ambao mimi ningeuuza. Mimi sikuchoma kitu. Mwiko wangu wa kwanza ulikuwa mzito kama mpini wa jembe, nikautia kwenye mfuko nikaenda nao nyumbani. Wa pili ulivunjika shingo, nao nikaenda nao. Maisha yangu yote nimekula kwa sababu ya mbao, sikuona kwa nini nizichome mbele ya watu.

"Papa, chai yetu unakunywa," mama mjane akaniambia wiki ya tano. "Kuni zako ziko wapi?"

Jumamosi iliyofuata nikaja na pikipiki imebeba fungu zima la mabaki ya depo, makavu, ya kutosha mwezi mzima. Nikayashusha mbele yao. Fundi akashukuru, kisha akampa mama mjane akapikie kwake. Chai ikachemshwa na ndege wawili wa infirmier, ikachelewa sana.

"Zile ni kuni za depo," infirmier akaniambia. "Siye hapa hatuna depo."

Nilikasirika, wiki mbili sikutokea. Nilirudi kwa sababu dada alikuwa anapiga simu kuuliza kiti kimefika wapi, na mimi sikuwa na kiti wala mwalimu mwingine.

Nikaachana na miko, nikaanza kiti. Nilichagua gogo la muvula mwenyewe, zima, la mviringo, limenyooka. Nikalichimba miezi mitatu. Tezo ilinikata goti, kidole gumba kikavimba, mke wangu akasema nimekuwa kama mtu aliyepigana na paka. Pale kwenye uchongaji kila mmoja alikuwa anasaidiwa. Fundi alimwonyesha infirmier namna ya kugeuza kisu, mama mjane akaonyeshwa jinsi ya kunoa. Kwangu walipita tu. Nilipomuuliza infirmier anaonaje, akajibu, "Iko kubwa." Siku moja fundi alikipindua kiti juu chini, akakitazama katikati kwa muda, akakirudisha taratibu. Nikafikiri amekosa cha kulaumu.

Wiki mbili kabla ya Noeli kiti kilikuwa na miguu mitatu na uso laini. Nikakiweka depo chini ya mabati, ninapokausha mbao. Alhamisi nikakuta ufa kutoka katikati mpaka ukingoni, unaingia kidole. Nikakikaza kwa waya. Nikaujaza ufa gundi na unga wa msumeno. Ijumaa ulifunguka tena, kando ya gundi.

Jumamosi nikakiweka mbele yao.

"Kimepasuka," nikasema.

"Tunaona, Papa," fundi akajibu. Akaweka kidole kwenye duara dogo jeusi katikati ya uso. "Uliacha moyo wa muti ndani. Kikikauka, kinapasukia hapa. Siye gogo tunalipasua kwanza vipande viwili, moyo tunautoa, kiti kinatoka kwa nusu."

"Uliona lini?"

"Siku ulilileta."

"Na ukanyamaza miezi mitatu?"

"Ningekuambia nini? Ulitukuta hapa ukasema unajua miti mbele tuzaliwe. Mutu anayejua, tunamuachia."

"Na miko yako ulificha," mama mjane akasema. "Hata huyu anaonyesha ndege wake, na unajua ziko namna gani."

"Ndege zangu zinaruka," infirmier akasema.

"Zinaruka mpaka kwa moto."

Wakacheka. Nilitaka kuwatukana, na matusi ninayo, nimeishi na wapasua mbao. Lakini kilichonichoma ni kingine. Mbao yenye moyo naijua. Pale depo naitenga pembeni kila wiki, maana itapasuka. Ile siku nilipolichagua gogo niliona kiti tu, sikukumbuka kwamba kiti ni mbao.

Nikaomba shoka. Muvula haukuingia motoni mzima, nikaupasua vipande sita, nikaviweka kimoja kimoja. Moshi wake unawasha macho. Chai ilinuka moshi na sukari ilikuwa kidogo. Hakuna aliyenipongeza. Tulipomaliza vikombe, fundi akatoa nusu ya gogo chini ya magunia mabichi, akachora mstari kwa mkaa, akasema, "Papa, anzia hapa. Polepole." Wiki iliyofuata nilibeba ule mfuko wa miko mibovu.

Dada nilimpigia simu.

"Kiti?"

"Kilipasuka. Nimekichoma."

"Noeli ni kesho kutwa."

"Najua."

"Basi nitakuja nikae chini kwako kama ninavyokaa chini kwangu. Na Pasaka?"

"Siahidi."

Akakata simu.

Leo niko na nyumba mbili za mabati hapa Baraka, na moja Fizi anamokaa dada. Depo ya mbao. Pikipiki moja nzima na moja mbovu. Mbuzi kumi na mmoja. Shamba la mihogo njia ya Fizi. Tezo moja na visu viwili. Miko mitatu mipya, mmoja mke wangu anasongea ugali, miwili anasema nikaitumie mwenyewe. Nusu ya gogo la muvula, moyo umetolewa, imefunikwa na magunia mabichi chumbani ili isikauke haraka. Kiti, bado sina.