Sijui Bado

Kazi yangu ni kufundisha watu wazima kazi ambayo tayari wanaifanya. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini ndivyo ilivyo. Mtu amepanga makatoni ya dawa miaka kumi na tisa, halafu naingia mimi na kalamu za rangi na karatasi kubwa za ukutani, namweleza jinsi ya kupanga makatoni. Hapa Bukavu wananiita formatrice, au maman formatrice wakiwa na haja nami. Nimefundisha wauguzi, walinzi, wapishi wa hoteli, makarani wa parokia. Kwa muda mrefu niliipenda kazi hii. Siku hizi naifanya kwa sababu nimezeeka nayo na sina nyingine, na nikisimama mbele ya watu naomba kimoyomoyo wasiniamini.

Kuna sentensi moja ambayo nimeisema mara nyingi kuliko Salamu Maria, na mimi si mtu wa kukosa misa. "Karatasi hii haina jina." Naisema asubuhi ya kwanza, ninapogawa maswali ya kupima watu wanajua nini kabla hatujaanza. Naisema tena siku ya mwisho, ninapogawa maswali yaleyale ili tuone wameongeza nini. Kila mtu anajichagulia neno lake la siri na kuliandika juu ya karatasi mahali pa jina. Ukiwa hujui, nawaambia, andika kwamba hujui, maana hapo ndipo tutakapojua cha kurudi kukufundisha. Kuuliza si ujinga. Hakuna bosi atakayeona. Naisema kwa sauti laini, nikitembea kati ya meza, na zamani nilikuwa naisema nikiwa na hakika nayo.

Semina hii ilikuwa ya depo moja ya dawa kule Muhumba. Walikuwa watu kumi na wawili: watunza depo wawili, madereva, wapakizi, na mama wawili wa usafi. Tulipewa siku tatu katika ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki na umeme wa kubahatisha. Mkurugenzi wa depo aliniambia anataka kuinua kiwango cha wafanyakazi wake. Sikumuuliza kwa nini sasa, kwa nini mwaka huu, wakati kila shirika mjini linafunga milango au kupunguza watu. Nilipaswa kuuliza. Mimi niliyefundisha watu wengi kwamba kuuliza si ujinga, sikuuliza.

Semina zetu zina desturi zake. Ukumbi unakuwa kijiji, na kijiji lazima kiwe na shefu. Washiriki wanamchagua wenyewe asubuhi ya kwanza, kwa makofi na vicheko. Kazi yake ni kuniletea malalamiko ya chai, kuwachezesha wanaosinzia baada ya chakula, na kuongoza makofi ya mpangilio kwa aliyejibu vizuri. Mara nyingi wanamchagua mropokaji ili wacheke siku tatu. Safari hii walimchagua mtunza depo mkubwa, mzee wa Nyantende aliyeshuka mjini kila asubuhi kwa miguu na kurudi jioni kwenye shamba lake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wenzake walimchagua kwa heshima, nadhani, na yeye aliupokea ushefu kama ushefu kweli. Siku ya pili alikuja amevaa koti.

Nilipogawa karatasi za kwanza alinisogelea akaniinamia sikioni.

"Maman, ninaweza andika 'maharagwe'? Njo kitu ninalima."

"Andika, papa. Lakini usimwonyeshe mtu, ni siri yako."

Akacheka, akanionyesha kwa kidevu dereva aliyekaa kiti cha pili. "Huyu amesha ona. Haina shida, huyu ni mutu yangu."

Walikuwa marafiki, hilo lilionekana. Walikula pamoja, wakagawana hata kipande cha sabuni cha kunawia. Dereva alikuwa mdogo kwake kwa miaka kama ishirini na alimwita papa.

Siku ya tatu mchana niligawa karatasi za mwisho, nikarudia sentensi yangu. Watu wa mji huu nawajua, na wao wanatujua sisi wenye kalamu za rangi. Wameona ya kutosha kujua kwamba karatasi, hata isiyo na jina, siku moja hupata mwenyewe. Shingo zilirefuka. Kijana mmoja, mtunza depo wa pili, alikuwa na diploma, na majibu yake yalizunguka ukumbi mzima kabla sijafika mlangoni na kurudi. Niliona nikanyamaza. Sikutaka kuharibu siku.

Shefu peke yake hakunyoosha shingo. Aliiandika karatasi yake polepole, bila hata kuifunika kwa mkono.

Nilizisoma jioni hiyo nyumbani kwangu Nguba. Karatasi kumi na moja zilifanana hata kwa makosa. Ya kumi na mbili iliandikwa "maharagwe" juu. Maswali yalikuwa kumi. Sita alijibu vizuri. Manne aliandika, kwa herufi za mtu aliyefundishwa na masista, "Sijui bado." Hakuandika "sijui" peke yake. Alisadiki lile neno langu kwamba tutarudi kumfundisha, kwa hiyo akaongeza "bado".

Na kazi aliijua, msije mkafikiri vingine. Chanjo alizitunza miaka yote kwa kuangalia mshale wa kipimo cha frigo usitoke kwenye rangi ya kijani. Swali liliuliza ni digrii ngapi, na digrii hakuwahi kuambiwa, hata nami katika siku zile tatu. Katoni la zamani alilisogeza mbele, jipya akalipeleka nyuma, lakini swali lilitaka jina la kanuni hiyo. Maswali niliyaandika mimi. Kwa miaka yote niliyofundisha hakuna mshiriki aliyewahi kufanya sawasawa kama nilivyomwomba, na nilipomwona huyu nilifurahi kiasi cha kusoma karatasi yake kwa sauti, peke yangu, mezani.

Furaha hiyo ndiyo niliyoingia nayo ofisini kwa mkurugenzi siku mbili baadaye.

Alizipitia zile karatasi mojamoja huku tukinywa chai. Alikuwa mtu wa adabu, mcheshi. Akafika kwenye ile moja, akainua nyusi.

"Huyu maharagwe ni nani?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema, bwana mkurugenzi, kazi yetu hairuhusu. Nimewafundisha wengine jinsi ya kusema hivyo, nina hata karatasi ya ukutani yenye maneno hayo. Badala yake nilicheka. Nilitaka aone kwamba ninawajua watu wangu, kwamba siku tatu zinanitosha kumjua kila mtu na moyo wake. Nikamsimulia kama kichekesho: shefu wa kijiji, shamba la Nyantende, alivyoniinamia sikioni. Na yeye alicheka. Kisha akachukua kalamu, akaandika kitu kidogo pembeni ya karatasi.

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu ulikiponza kichwa cha mtu mwingine.

Nilipoona ile kalamu nilielewa. Sitadai kwamba sikuelewa. Nikaanza kueleza haraka kwamba yule mzee ndiye aliyekuwa mkweli, kwamba wengine walinakili, kwamba "sijui bado" ni jibu la mtu anayefundishika. Aliniitikia kwa kichwa, akasema ni kweli kabisa, akaniuliza ripoti itakuwa tayari lini. Awamu ya pili ya semina, akasema, itategemea ripoti. Nikaenda nyumbani nikaiandika. Jina la mzee sikuliweka, na nilijipongeza kwa hilo, mjinga mimi, kana kwamba kulificha bado kulisaidia kitu.

Mwisho wa mwezi depo ilibaki na mtunza mmoja. Mzee aliambiwa kwamba kiwango chake kimepimwa na kimeonekana hakitoshi. Awamu ya pili haikuja. Nilipopiga simu kuiulizia nilijibiwa kwamba bajeti imekatwa. Kwa hiyo nilimuuza mtu, na hata bei yake sikuipata.

Miezi ikapita. Yaliyoupata mji huu tangu hapo kila mtu anayajua. Vita vilifika, benki zilifungwa, watu walihama na kurudi, semina zikawa chache. Nilijiambia kwamba kazi yake ingekufa tu, leo au kesho. Nilijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi ilinibidi nijiambie upya.

Kisha shangazi wa marehemu mume wangu akafariki, tukaenda kumzika Nyantende. Tulipokuwa tunatoka makaburini, mtu akaweka jembe chini, akavuka mfereji, akanijia akifuta mikono kwenye suruali.

"Asinge, maman formatrice!" akanisalimu kwa Mashi, lugha ya kwao.

Nilitamani ardhi inimeze. Yule mzee, shefu wetu, alikuwa amekonda, lakini uso ulijaa furaha. Akanipa pole ya msiba, kisha akaniomba nisimame kidogo tu, hatanichelewesha. Akatoa mfukoni daftari la shule lililokunjwa katikati.

"Ile maswali ine nilisema sijui," akasema. "Leo minajua. Binti yangu anasoma uuguzi, njo alinifundisha. Uniulize."

"Papa, si lazima."

"Uniulize, maman."

Nikamuuliza. Pale pembeni ya shamba, nikiwa na kitenge cha msiba, watu wa mazishi wakipita, nilimuuliza maswali yangu mwenyewe. Chanjo zinatunzwa digrii ngapi? "Deux mpaka huit," akajibu, yaani mbili mpaka nane, akiwa amesimama wima, mikono ubavuni. Frigo ikizimika? "Haufungue mulango. Unaandika saa, unaita chef." Akataja ile kanuni ya dawa inayokaribia kuisha muda kutoka kwanza, kwa jina lake lote la Kifaransa, akatulia, akalirudia ili asikose. Swali la nne lilikuwa la fishi ya stoki, ile kadi ya hesabu ya dawa, na hilo alilijibu huku ananionyesha ndani ya daftari fishi aliyoichora kwa rula, safu kwa safu, akiwa ameijaza kwa maharagwe yake: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki.

"Nimepata ngapi?"

"Yote, papa. Kumi juu ya kumi."

Akafumba macho kidogo. "Basi utabaambia. Mie nikienda, mulinzi ananirudisha kwa geti. Weye batakusikia."

Nikasema nitawaambia.

Akanisindikiza hadi barabarani. Njiani nikamuuliza habari za rafiki yake dereva, ili tu niseme kitu, na uso wake ukabadilika.

"Ule siko namusalimia tena. Ni yeye njo aliniuzisha." Akasema bila hasira, kama jambo alilolipima muda mrefu. "Boss alijuaje karatasi ni yangu? Batu tulijua 'maharagwe' tulikuwa batatu tu. Mie, na yeye, na weye. Na weye ulisema karatasi haina jina."

Hapo ndipo pangekuwa pahali pangu pa kusema kweli. Gari la msiba lilikuwa bado halijawaka, hakuna mtu karibu, na mzee alikuwa ananiangalia usoni kwa imani ileile aliyokuwa nayo ukumbini. Nilifungua mdomo. Nilichosema ni kwamba mvua inakuja, bora niende. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa semina.

Ijumaa yake nilikwenda Muhumba. Nilikuwa nimemwahidi, na nilitaka angalau ahadi moja niitimize. Mkurugenzi alinipokea vizuri, akaagiza chai. Nilimweleza yote, digrii, frigo, fishi iliyochorwa kwa rula. Alisikiliza mpaka mwisho. "Inagusa," akasema. "Lakini ile poste yake ya kazi tulisha ifuta, maman. Haiko tena hata kwa karatasi." Nilikunywa chai yake.

Nilipokuwa natoka, yule dereva alikuwa anaosha gari uani. Akaacha kitambaa, akanijia. Namkumbuka mpaka leo kwa mikono yake, ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko.

"Maman formatrice, nasikia ulifika Nyantende. Ulimuona muzee?"

"Nilimwona. Yuko salama."

"Hashike simu yangu. Nilienda kwake mara mbili, akapitia mulango ya nyuma. Mutoto yangu alibatizwa, yeye njo alipaswa kuwa parrain, baba yake ya ubatizo, hakukuja." Akatazama chini. "Hakukuambia kitu? Nilimukosea nini?"

Mkurugenzi alikuwa dirishani, juu, ananipungia mkono wa kwaheri.

"Sijui," nikamwambia.

Akanishukuru, akaenda kunifungulia geti.