Mafuta ya Nazi Ndani ya Injini

Mume wangu alikuwa na pikapu ya kijani, kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, na akiipenda kunishinda mimi. Nasema hivi nacheka, lakini ni kweli. Miaka hiyo ya themanini tulikuwa twakaa Malindi, mimi nimeolewa kutoka Takaungu, yeye akifuata mananasi Magarini na kuyaleta sokoni. Tukila kwa gari hilo, tukivaa kwa gari hilo.

Na lilikuwa lanywa oili, usiseme! Kila asubuhi lazima lipimwe, liongezwe. Kazi hiyo mume wangu alinifunza mimi, maana yeye akirudi kuswali alfajiri ataka akae na chai yake. "Mkono wako mwepesi," akinidanganya, "mimi nikifungua boneti nachafua kanzu." Basi nikijifunga leso kiunoni, nafungua boneti, nachomoa kile kijiti cha chuma cha kupimia, nakifuta, nakirudisha, nakitoa tena, natazama oili imefika wapi kwenye alama. Skuli nilisoma mwaka mmoja na nusu, lakini alama ile niliisoma sawasawa. Jirani yangu akipita na ndoo yake, hakosi la kunichokoza.

"Hee! Mgonjwa kaamkaje leo, daktari?"

"Kaamka na kiu."

"Basi mnyweshe, mwenzio asije akarudi kwa miguu!"

Nami nikiona raha, jamani. Mwanamke gani mwengine mtaa ule alijua tumbo la gari?

Sasa siku hiyo nafagia uwanja, fagio likaugonga mkebe wa oili, nilikuwa nimeusahau wazi. Mchanga ukainywa yote. Na jana yake mume wangu alikuwa ameniambia, "Huo ndio mkebe wa mwisho, mpaka wiki ijayo niende Mombasa." Yeye yuko ndani anakunywa chai, anaimba. Mimi niko nje, nimesimama na fagio. Neno lilikuwa moja tu: imemwagika. Wallahi sikulisema. Mume wangu si mpigaji, la, lakini akikasirika ulimi wake mtaa mzima wausikia. Na mimi nilikuwa nishajigamba sana na lile boneti langu. Niliona haya.

Nikajiambia, mafuta ni mafuta. Kwetu Takaungu mafuta ya nazi ndiyo kila kitu. Twapikia, twajipaka mwilini, twatia kwenye nywele, bawaba za mlango zikilia twazipaka. Cherehani ya mama yangu ilishona miaka na miaka haijaonja mafuta mengine. Na yangu nilikuwa nayo, nimeyapika mwenyewe, tui limechemka mpaka mafuta yakaelea masafi kama machozi. Nikatia chupa nzima. Nikapima kwa kijiti, yamefika kwenye alama. Nikamshukuru Mungu.

Siku nne nilitia. Siku ya tano gari likalia njia ya Magarini, likatoa moshi, likasimama na mananasi yake mgongoni. Lori likalivuta kwa kamba mpaka kwa fundi.

Fundi huyo alikuwa mtu wa bara, banda lake la makuti lilikuwa pale njia ya kwenda sokoni. Rafiki wa mume wangu wa kufa na kuzikana. Kila Jumapili alasiri wakicheza bao, wakitukanana huku wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na wiki ile ile, kabla mkebe haujamwagika, alikuwa amelifanyia gari sevisi.

Nilipofika na birika la chai niliikuta injini ishafunguliwa. Mume wangu apiga kelele, "Nataka kumjua! Aliyelitia mkono gari langu, nataka kumjua!" Fundi akachovya kidole mle ndani, akatoa kitu kizito, cheusi, chanata kama gundi. Akakinusa. Mume wangu yeye alikuwa hasikii harufu yoyote. Nyumba yetu ilinuka nazi yote, mito, mashuka, na mimi mwenyewe, pua yake ishazoea zamani. Lakini yule mtu wa bara alinusa mara ya pili, kisha akanitazama. Nywele zangu zang'aa mafuta pale ushungi ulipoteleza. Akafuta kidole kwa kitambaa, polepole.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe umefanya nini?"

"Nilipofanya sevisi nilitia oili ya aina nyingine. Zimechanganyika, zimekataana. Nisamehe, ndugu yangu."

Mimi birika mkononi. Nikainama kuwamiminia chai.

Matusi aliyotukanwa siku ile siyarudii hapa.

Injini haikufaa tena. Mume wangu akaenda kuwa dereva wa lori la watu, na hilo tulilizoea, riziki ni popote. Kubwa lilikuwa jina la fundi. Kila baraza ni hilo hilo: "Msimpelekee gari yule, ataliua!" Na mume wangu alikuwa mtu wa kusikizwa. Madereva wakahama mmoja mmoja.

Nikenda sokoni namkuta amekaa juu ya gurudumu, mikono misafi. Fundi wa magari kuwa na mikono misafi saa nne za asubuhi! Nilikuwa siwezi kuitazama.

"Shemeji, hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, fundi."

Napita zangu.

Ramadhani ilipofika nilimpelekea sahani ya mbaazi na mahamri. Nikajikaza. "Fundi, mbona ulisema vile?"

"Wacha, shemeji. Wewe unakaa na yeye nyumba moja, mimi ninakaa na yeye kwa bao tu. Kwangu mimi atapoa haraka." Akafunua sahani, akainusa, akaangua kicheko. "Hata mbaazi mmezitia nazi! Nyinyi watu!"

Nikacheka na mimi. Nikarudi nyumbani moyo mwepesi, nikaona basi, mwenyewe kasema atapoa. Akawa yeye angoja, na mimi nangoja. Mume wangu hakupoa. Jumapili alasiri akikaa ndani, mgongo kauelekeza njiani.

Siku moja natoka sokoni, banda halina mtu. Spana hazipo, gurudumu halipo, imebaki ardhi nyeusi tu. Muuza maji wa pale akaniambia, "Fundi? Amerudi kwao bara, kapanda basi la asubuhi."

Nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu yote, nimesimama mlangoni, hata kapu sijalitua. Fagio, mkebe, chupa nilizotia. Nikangoja mtaa usikie. Mtaa haukusikia kitu. Alisema kwa sauti ndogo, "Ungeniambia asubuhi ile, ningekasirika mpaka adhuhuri."

Basi. Hilo tu ndilo aliloniambia, na mpaka leo ndilo linaloniuma.

Alimtafuta, Mungu ni shahidi. Aliuliza kwenye mabasi, alikwenda Mombasa mara mbili akazunguka gereji moja baada ya nyingine. Lakini amtafute kwa jina gani? Sote tukimwita Fundi. Huyu asema kwao ni upande huu wa bara, yule asema ni upande ule, na bara ni kubwa.

Ijumaa moja baada ya swala wanaume walikuwa wamekaa barazani petu. Nikamsikia mume wangu akisema, "Yule fundi hakukosa. Nilimsingizia. Kosa lilitoka nyumbani kwangu."

Mmoja akauliza, "Nyumbani kwako nani? Watoto?"

"Nimeshasema ni nyumbani kwangu. Yatosha."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nimeshika sinia ya kahawa. Ilikuwa ni hatua mbili tu, nitoke niseme ni mimi. Nikangoja aniite. Hakuniita, na mimi sikutoka.