Ubao Chini ya Kitanda cha Gogo Nomsa

Juzi nilifungua kopo la nta nyekundu ya sakafu, pale pale dukani Rosettenville, na harufu yake ikanipandisha hasira ya miaka mingi. Hasira ya nyumba, jamani! Mtu mzima nimesimama dukani nimeikasirikia nyumba.

Ilikuwa ndefu, ya mawe, imezunguka ua wa mraba, na baraza zake zilinuka nta hiyo mwaka mzima. Tajiri mmoja wa zamani aliijenga kwa ajili ya wafanyakazi wa shamba lake watakapozeeka: watunza farasi, watu wa bustani, madobi. Shamba lilikuwa limeshageuka mitaa tangu kabla sijazaliwa, ila wazee walibaki, na mama yangu, Mrundi aliyekimbia vita, ndiye aliyewahudumia. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nikitoka shule nilikwenda kumsubiri huko, na mara nyingi nilikuta wageni wenye kamera wakizisifia dohani. Dohani saba, na hata moja haikuvuta moshi; wote ulirudi chumbani ukatukohoza. Madirisha yalikuwa madogo tena juu mno, ukiketi unaona mawingu tu. Na kila mlango ulikuwa na kidato kirefu cha jiwe cha kushukia barazani. Sasa niambieni, nani anawajengea wazee kitu kama hicho? Na ole wako uguse hata msumari, maana nyumba ni ya kihistoria!

Gogo Nomsa (gogo kwa Kizulu ni bibi), aliyekuwa dobi wa tajiri ujana wake wote, alitembelea kiti cha magurudumu. Alitaka jambo moja tu: kila alasiri akae barazani aone watu wakipita. Basi mama anainua nyuma, mimi mbele, na Gogo katikati anatuamrisha kwa Kizulu. "Kushoto! Eish, nimesema kushoto!" Mgongo wa mama ukaanza kulalamika. Akamwomba jirani yetu Mkongo, seremala, atutengenezee ubao wa mteremko. Siku ya kwanza Gogo alikisukuma mwenyewe kiti chake, akashuka anaimba. Baada ya hapo, kila akirudi ndani, ubao ulifichwa chini ya kitanda.

Ndipo akaja bwana mkaguzi wa majengo ya kale, na futi ya kupimia na tabasamu. Kiingereza cha mama kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo mkalimani alikuwa mimi. Kazi hiyo niliifanya kliniki, shuleni, kila mahali, na nilijiona mtu kweli kweli. Bwana akaingia chumbani kwa Gogo, akainama, akaona ncha ya ubao, akaniuliza ni wa nini.

"Mwambie ni meza ya kupigia pasi," mama akasema kwa Kiswahili, bila kunitazama.

Meza ya pasi! Na Jumapili iliyopita tu mwalimu wa kanisani alikuwa ametueleza waongo wanakwenda wapi. Nikamweleza bwana yote kwa Kiingereza changu cha shule, tena kwa madoido: unawekwaje, unawekwa saa ngapi, kautengeneza nani. Akanisifu kwamba mimi ni binti mwerevu. Kisha akapiga picha mikwaruzo kwenye jiwe, akaondoka na ubao wetu.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. "Haya, msema kweli," akasema, "shika magurudumu ya mbele." Nikayashika siku ile na kila siku, mpaka mgongo wake ukakataa kabisa, na Gogo akabaki ndani. Nikanuna. Nilimlaumu Gogo kwa ung'ang'anizi, nikamlaumu mama kwa kunituma niseme uongo, nikamlaumu tajiri na jiwe lake.

Nimekuwa mtu mzima nikidhani jambo lilikuwa ni kusema uongo au kusema kweli. Kumbe chumba kizima, aliyejua Kizulu cha Gogo, Kiswahili cha mama na Kiingereza cha bwana nilikuwa mimi peke yangu. Gogo alikuwa ameketi pale pale, mikono kwenye magurudumu, ananitazama. Bwana aliniuliza ubao ni wa nini, nami nikamweleza habari za ubao. Sikumwambia kwamba bibi huyu anataka kutoka nje.