Bendi ya Nsungwi na ukimya wa watu wa Dzaleka

Wakuu, salamu nyingi kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi.

Hiki kisa sijasimuliwa na mtu. Nilikuwepo siku zote tatu za tamasha la muziki, na wahusika walilala nyumbani kwangu. Nitaeleza kwa mpangilio ili hata asiyewahi kufika kambini aelewe.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu kule Kongo, niko hapa miaka mingi. Tamasha linapokaribia, wakazi wa kambi tunajiandikisha kupokea wageni. Mgeni analala kwako na anakula unachokula wewe.

Safari hii nililetewa bendi nzima.

Vijana wanne kutoka Nsungwi, Lilongwe. Wanajiita bendi ya indie, yaani hawana lebo wala meneja. Wanatunga wenyewe, wanarekodi chumbani, wanabeba vyombo wenyewe. Walifika Ijumaa juu ya kabaza, zile baiskeli za abiria, ngoma zimefungwa nyuma kwa mipira. Watoto wa mtaa wote wakawasindikiza hadi mlangoni.

Mwimbaji ni dada anaitwa Tamanda, anauza viatu dukani City Centre. Mpiga ngoma ni Limbani, ndiye mkubwa wao.

Tukala nsima na sombe, yaani ugali na kisamvu. Tulikuwa tunaongea Chichewa, nawawekea hapa kwa Kiswahili. Limbani akaniambia, "Kaka, tumepiga baa zote za Lilongwe, watu wanatazama mpira. Tumekubaliana, tukishindwa na hapa tunavunja bendi."



Ratiba ilikuwa hivi: kila bendi ngeni inapiga Jumamosi, inarudia Jumapili.

Jumamosi mchana nikasimama karibu kabisa na jukwaa. Wakuu, niseme ukweli, sijawahi kusikia kitu kama kile. Gitaa jembamba, kavu, noti nne tu zinazunguka. Ngoma kwa mbali. Halafu sauti ya Tamanda, anaimba kama anaongea na mtu mmoja. Wimbo wa kwanza ulimhusu mama yake, anayepiga deki ofisi ambayo hajawahi kuketi kwenye kiti chake hata kimoja. Nywele zilinisimama.

Wimbo ukaisha.

Kimya. Uwanja umejaa, na hakuna hata kofi.

Wa pili, vilevile. Wa tatu ulipokatika, kijana mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Eh, courant imekatika?" Watu wakaangua kicheko. Kwetu umeme kukatika ni jambo la kila siku, kwa hiyo utani ulikolea. Lakini Tamanda hajui Kiswahili. Alichoona ni umati unamcheka.

Wakashuka kabla muda wao haujaisha.

Nilimkuta nyuma ya jukwaa amekaa juu ya boksi la spika. "Wamenicheka," akasema. Limbani alikuwa anafungua ngoma zake, moja moja.

Na mimi niliamini wameshindwa. Ila nina tabia ya kuulizauliza, sipendi kuondoka na jibu la kubahatisha. Nikamfuata jirani yangu Mama Furaha, kiongozi wa kwaya, ambaye hafichi neno, nikamuuliza kwa Kiswahili chetu cha Kivu.

"Mama, bale bageni unabaonaje?"

"Bale batoto? Banaimba muzuri sana! Ule binti iko na sauti, we! Lakini kila wimbo banakata pale pale sisi tunajitayarisha."

"Munajitayarisha nini?"

"Kucheza! Utacheza namna gani mbele sebene ianze? Kwanza unasikia maneno. We ni mutu wa Bukavu ao wa wapi?"

Nikaona aibu. Kwetu nusu ya kwanza ya wimbo ni ya kusikiliza. Unasimama, unafunga mdomo. Baadaye gitaa linachemka, ndiyo sebene yenyewe, hapo sasa unacheza. Nyimbo za hawa vijana hazina nusu ya pili. Watu walikuwa wanaingoja kwa heshima zote.

Jioni nikawaeleza. Limbani akasema, "Basi tuongeze." Tamanda akakataa kabisa. "Nikimaliza kusema, wimbo umeisha. Nikiongeza ili nipigiwe makofi, bora tuachane kama tulivyopanga."

Nilimheshimu kwa hilo. Tukalala tukijua Jumapili ndiyo mwisho.

Jumapili watu walitoka makanisani moja kwa moja hadi uwanjani, kina mama wa kwaya bado na vitenge vya sare. Tamanda akaanza na wimbo ule ule wa mama yake. Akaumaliza pale pale anapoumalizia.

Kimya tena.

Halafu Mama Furaha, "Eh! Munaenda wapi? Sisi njo tunaanza!"

Akaanzisha kiitikio. Maneno ya Chichewa, lafudhi ya Kivu, hakukosea hata neno. Alikuwa ameyasikia mara moja tu, jana yake. Mama wenzake wakadaka, wakaanza kupiga makofi, na uwanja ukafuata.

Limbani akamtazama Tamanda, vijiti vimesimama hewani. Tamanda akatazama umati. Kisha akaachia maiki, akarudi nyuma hatua mbili, akatikisa kichwa kukubali.

Ngoma zikaingia. Mpiga gitaa hajui sebene, akarudia noti zake nne tu, tena na tena. Zilitosha. Vumbi lilipanda hadi sikuona jukwaa. Tamanda hakuimba tena hata neno, alikuwa anacheza, na anacheza vibaya.

"Hata kucheza hajue," Mama Furaha akaniambia huku jasho linamtoka, "lakini iko wa kwetu."

Jumatatu asubuhi wakifunga mizigo, Limbani akauliza bila kumtazama mtu, "Mazoezi Alhamisi?"

"Jumatano," Tamanda akajibu. "Alhamisi zamu ya kufunga duka ni yangu."

Wakuu, nilichojifunza ni kimoja: niliwahukumu wale vijana kwa ukimya kabla sijauliza maana yake, tena ukimya wa watu wangu mwenyewe.

Nyie huko mliko, watu wakiupenda wimbo wanafanyaje? Na nani ameshawahi kuvunjwa moyo na umati ambao kumbe ulikuwa unamsikiliza? Semeni, ninasoma kila mmoja.