Kipande cha Piyaya Kilichochomolewa Kimya Kimya

Saa tatu asubuhi umeme unarudi Karatu, lakini Sinyati Ngoyai hana haraka ya kuwasha kompyuta. Anaifungua ubavuni, anachukua brashi ya rangi na kufagia vumbi jekundu lililoganda kwenye feni. Vumbi la mji huu halina adabu, linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Anapuliza, anafunga, ndipo anabonyeza kitufe na mashine inaanza kunguruma.

Chumba chake kiko nyuma ya duka la vipuri, kando ya barabara ya kwenda lango la Ngorongoro. Nje yanapita magari ya watalii. Mwaka juzi alikuwa akitoka kuyatazama, maana mengi yalipangiwa safari na programu aliyoitengeneza kwa mikono yake. Siku hizi akisikia mlio wa breki anainamia kibodi.

Ana miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Piyaya, kijiji cha Wamaasai, na kazi yake ni kutengeneza programu zinazotumika kupitia tovuti. Majirani wanadhani anachapa barua tu. Mwaka 2005, kwa mshahara wa laki mbili kwa mwezi, aliijengea kampuni moja ya utalii programu nzima ya kupokea wageni. Mtu akiwa kwao Ulaya anachagua hoteli, gari na siku ya kushuka kreta ya Ngorongoro, na majibu anayapata hapo hapo.

Programu yenyewe ina kiini kimoja na vipande vingi. Kiini kinabaki vile vile. Hoteli ni kipande, magari ni kipande, na kikija kitu kipya kinachomekwa kwenye nafasi yake bila kugusa vingine.

"Wengine wanajenga kama ghorofa, ukitaka chumba kipya unavunja ukuta," anasema. "Mimi nilijenga kama boma la kwetu. Nyumba ya mke wa kwanza iko kulia mwa lango, ya wa pili kushoto, ya wa tatu kulia tena. Akiolewa mwingine, nafasi yake inajulikana kabla hajafika. Hakuna anayebomolewa."

Na kipande kimoja alikitengeneza kwa moyo wake wote. Akina mama wa Piyaya, wakiongozwa na mama yake mzazi, Nosim, walikuwa wakiuza shanga kando ya njia kwa huruma ya madereva. Dereva akipenda anasimama, asipopenda anawapigia vumbi. Akisimama, anachukua chake kwanza. Sinyati akamwomba bosi wake, Gideon, nafasi ya kipande cha Piyaya, ili mgeni achague mwenyewe kutembelea boma na malipo yaende moja kwa moja kwenye akaunti ya kikundi. Gideon akakubali, tena kwa kicheko.

Kiangazi cha kwanza wageni walikuja. Akina mama wakaanza kujenga banda la mashine ya kusaga, maana mahindi yalikuwa yakisafirishwa kwa punda kwenda kusagwa mbali. Kuta zikafika juu, ikabaki kuezeka.

Kazi ilipokwisha, Sinyati aliambiwa programu imekamilika na yeye ahsante. Akachukuliwa kijana wa Arusha, Nehemia, aitunze. Kiangazi cha pili kikaingia. Kule Piyaya wanawake wakazipaka nyumba zao samadi mpya, wakanyoa vichwa, wakavaa shanga za sherehe, wakakaa langoni. Magari yakapita. Kesho yake wakavaa tena, na magari yakapita tena.

Sinyati alijua sababu kwa simu, na aliyempigia hakuwa na ubaya wowote. Ni Nehemia, anampongeza.

"Dada, kazi yako safi sana," alimwambia. "Nimechomoa Piyaya, nimechomeka boma la hoteli palepale. Hakuna kilichotikisika."

Boma la hoteli! Mwandishi wa makala haya amekwenda kuliona. Limejengwa nyuma ya jiko, jirani na mapipa ya taka, na wanaoruka ngoma ni vijana wa mjini waliovishwa mashuka mekundu, wengine hawajawahi kuchunga hata mbuzi. Inaudhi. Gideon anasema njia ya Piyaya ni ndefu na ina vumbi, na biashara ni biashara. Kisha anaongeza kwamba hakuna mgeni aliyelalamika.

Wangelalamika vipi? Kitu chenyewe hakikuwepo tena mbele ya macho yao. Sinyati ndiye aliyehakikisha kwamba kipande kikitolewa hakuna kosa litakaloonyeshwa kwenye kioo. Alijivunia hilo hata kwenye usaili wa kazi.

Mwezi wa nane Nosim alipanda lori la mbuzi hadi Karatu. Alikataa chai. Alitaka kuelezwa, na mwanawe akamweleza yote kwa Kimaasai, kiini na vipande, kuchomeka na kuchomoa. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nyumba yetu," akasema, "uliijenga ndani ya boma la mtu mwingine."

"Ndiyo, yeyo, mama yangu."

Mama akajifunga shuka, akarudi na lori lile lile. Kule nyumbani wapo wanaosema Sinyati amekula hela za kikundi. Hajakanyaga Piyaya tangu hapo. Anaishi kwa kuchapa kadi za harusi na kutengeneza kompyuta zilizokufa kwa vumbi, na uchungu wake haufichi. Anasema waziwazi kwamba angeambiwa achague, angependa kuibiwa kuliko kupongezwa vile.

Lakini kazi ameianza upya. Kwenye kioo kuna programu nyingine, na safari hii kiini ni boma la Piyaya lenyewe. Akina mama wa vijiji vya Arash na Oloipiri wametuma ujumbe kwamba na wao wanataka nafasi.

"Hoteli ndizo zitakuwa vipande," anasema. "Anayetaka aje achomeke. Akichoka, anatoka yeye."

Anaonyesha. Anachomoa kipande cha hoteli, kioo kinapepesa mara moja, na boma linabaki pale pale, nyumba ya Nosim kulia mwa lango. Anatabasamu kidogo. Kisha anakirudisha, na anakiri kwamba hiyo hoteli ameibuni mwenyewe kwa ajili ya majaribio. Amezunguka hoteli za Karatu zote, na hadi leo hakuna iliyokubali.

Anapoulizwa lini atakwenda kumwona mama yake, anaigeukia kompyuta.

"Banda la mashine bado halina paa," anasema. "Nitakwenda siku nitakayopeleka bati."