Vidonge Saba Ndani ya Kombe

Nianze kwa kukiri, maana hata nikizunguka vipi nitafika hapo hapo. Nilipokuwa na miaka tisa nilichukua vidonge saba vya kifafa vya mdogo wangu Mize, dawa ya wiki nzima, nikavitumbukiza vyote ndani ya chupa ya kombe. Nikaifunga chupa, nikaifuta, nikairudisha juu ya kabati, na usiku ule nikalala usingizi wa mtu aliyefanya jambo la maana. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na hesabu.

Harufu ndiyo iliyonirudisha huko. Wiki iliyopita nilitoka kwenda kurudisha kawa la kufunikia chakula la jirani yangu, Bi Riziki. Kutoka kwangu mimi ni kuvuka ua. Zaidi ya hapo mpaka nibembelezwe na nitafutiwe sababu. Nilimkuta ukumbini anamimina kombe la mjukuu wake anayengojea mtihani: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji yenye marashi ya waridi, na maji yake ndiyo yanayonywewa. Harufu ile ilinipanda puani, nikakaa chini bila kukaribishwa, kawa bado liko mkononi.

Enzi hizo tulikuwa wanne katika nyumba hii hii ya Wawi. Bibi mzaa mama, mama, mimi na Mize aliyekuwa na miaka sita. Baba alikuwa Kojani kwa mke mwengine, akija kwetu akitukumbuka, na kumbukumbu yake haikuwa nzuri. Mize alianza kuanguka akiwa na miaka minne. Anacheza, halafu anasimama akitazama mahali ambapo hapana kitu, halafu yuko chini mwili wote unamtetema. Waliosema shetani walisema, na waliosema jicho walisema. Mama yeye alimbeba mgongoni hadi hospitali ya Chake, akarudi na vidonge vidogo vyeupe. Kimoja kila siku baada ya sala ya isha, na siku isipite.

Vidonge vile vilikuwa vichungu ajabu. Mama alikisaga kimoja ndani ya kijiko, akakitia asali, na hapo ndipo mbio zilipoanza. Mize aliingia uvunguni, akatokea jikoni, akapanda kwenye gunia la muhogo, mama nyuma yake na kijiko chake kama anayebeba yai. Mwisho alimbana pua, kikaingia. Kila siku hivyo hivyo. Lakini ulikwenda karibu mwaka mzima, Mize hakuanguka hata mara moja.

Ndipo bibi aliposema mtoto aongezewe baraka, asomewe, anywe kombe siku saba. Mama hakupenda. Aliogopa lisije likagombana na dawa ya hospitali. Bibi akamwambia maneno ya Mwenyezi Mungu hayagombani na kidonge, na Maalim aliyeliandika alisema vivyo hivyo, mtoto asiache dawa yake. Huyo Maalim, nimekuja kujua ukubwani, mwenyewe alikuwa akimeza vidonge vya presha kila asubuhi.

Wiki ile ulikuwa msimu wa karafuu, na mama akaenda dago, kambini kwa wachumaji, alale huko huko mpaka shamba liishe. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, hatofautishi kidonge na punje ya mchele. Mimi ndiye niliyekuwa najua kusoma, na ndiye nisiyetoka ndani, maana hata utotoni wenzangu wakienda kuokota maembe mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nikingoja waniletee. Mama akanihesabia vidonge saba, akavifunga kwenye karatasi ya daftari, akanishikisha. Kila baada ya isha, kimoja, nimuone kameza. Nilijiona nimekabidhiwa Hospitali ya Chake nzima.

Siku ya kwanza nilimkimbiza Mize mpaka nikapata kichomi, na asali ikaishia kwenye nywele zangu, kidonge bado hakijatoka kwenye karatasi. Siku ile ile, Mize huyo huyo alikaa miguuni kwa bibi, akafungua mdomo kama kinda, akanywa kombe la kujaa kikombe cha kahawa, akalamba na ukingo. Alilipenda kwa yale marashi, na kwa bibi alivyokuwa akimshika kidevu na kumwambia, "Kunywa taratibu, ntoto wangu."

Sasa nyinyi mngefanyaje? Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Vikombe saba kwenye chupa, vidonge saba kwenye karatasi. Saba kwa saba ni moja. Uchungu utafichwa na waridi, mtoto hatalia, mimi sitakimbia. Bibi aliposimama kusali nikapanda kiti. Kombe lilikuwa bado halijapungua ila hicho kikombe cha kwanza, nami nikajiambia upungufu huo ni mdogo, hesabu itaufidia yenyewe. Vidonge vikazama kimoja kimoja ndani ya yale maji ya manjano, vinatoa mapovu madogo. Nilivitazama kwa raha.

Hesabu yangu haikuwa na makosa makubwa. Kosa ni kwamba vidonge havikusoma hesabu. Vililainika, vikawa tope, vikalala chini ya chupa. Na kombe kwa bibi yangu halitikiswi. Alilishusha kwa mikono miwili likiwa limefungwa kitambaa cheupe, akamimina polepole kwa adabu, kikombe kikijaa akalirudisha wima. Kila siku Mize alikunywa maji mazuri ya juu. Na mimi kila siku nilisimama pembeni nikimuona anameza, kama nilivyoagizwa.

Siku ya saba bibi alifika mwisho wa chupa. Kilichotoka kilikuwa kizito. Akatia kidole, akakisugua na kidole gumba, akasema hii chokaa ya sahani, mtoto asije akaumwa na tumbo. Akatoka nayo mpaka nyuma ya nyumba, akaimwaga kwenye shina la mpapai, mahali pasipokanyagwa na miguu ya watu, akasoma na dua.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilielewa pale pale. Mtoto wa miaka tisa anaelewa zaidi kuliko anavyodai baadaye. Nilielewa kwamba dawa ya wiki nzima imenywewa na mti. Ningeweza kusema wakati ule ule. Bibi alikuwa hatua nne kutoka nilipo. Lakini mama alikuwa anarudi kesho, na kesho, nilijiambia, Mize atakunywa kidonge chake kutoka pakiti kubwa, na mambo yatajipanga.

Asubuhi yake nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi. Mize alikuwa mbele ya mafiga anachungulia muhogo unavyochemka. Akanyamaza katikati ya neno. Nikainua kichwa, nikamuona anatazama pale mahali ambapo hapana kitu. Halafu akaenda mbele, mkono wa kushoto ukatangulia.

Sauti ya mambo yale sitaiandika. Nitaandika tu kwamba sikumgusa. Nilibaki nimekaa juu ya mbuzi na kifuu mkononi, nikimtazama. Aliyemtoa motoni ni Bi Riziki, aliyevuka ua na upawa wake, akamvuta kwa miguu, akamlaza ubavu, akawafukuza majirani waliotaka kumtia kijiko mdomoni, huku bibi akipapasa hewani akiuliza kuna nini, kuna nini, nani anayelia. Aliyekuwa analia ni mimi.

Mama alitukuta hospitali. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa karafuu na nguo zinanuka karafuu. Daktari akamuuliza kama mtoto alikosa dawa. Mama akanigeukia mimi.

"Ulimpa?"

"Nilimpa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nikatoa na ile karatasi ya daftari, tupu, kama ushahidi. Daktari akaitazama, akaandika. Kama dawa ameinywa na ameanguka, basi haimtoshi. Akamuongezea, kuwa viwili kwa siku.

Na mama, tulipotoka nje, akamwambia bibi mbele yangu, kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, kombe lako limeiharibu dawa. Limemuunguza mwanangu." Bibi alishika ukuta wa hospitali kama mtu anayetafuta mlango.

Mwaka uliofuata Mize alianza shule, na alianza usingizini. Kile kipimo kilikuwa kikubwa kwa mwili wake. Alitembea akiyumba, maneno yanamtoka mazito, anasinzia kalamu mdomoni. Mtoto aliyekuwa akitukimbiza nyumba nzima akawa anakaa pale alipowekwa. Mwalimu akasema kichwa chake hakiko tayari, arudi akikua. Alirudi baada ya miaka miwili, na wenzake walikwishamtangulia, na ule mkono vidole vyake vitatu vilikuwa vimejikunja havifunguki.

Siku moja ya kliniki tulimkuta nesi mpya, mwanamke wa makamo asiyecheka. Alimtazama Mize anavyosinzia, akamtazama mama, akauliza kila kitu upya kama polisi. Kisha akatueleza sote. Kidonge kinanywewa kila siku, saa ile ile, mtu hata akijiona mzima hakiachwi ghafla. Siku ikipita hamna kunywa viwili kufidia. Na jambo hili alilisema akinitazama mimi, sijui kwa nini, labda nilikuwa tu mbele yake:

"Mkisahau, niambieni mmesahau, sitawapiga. Mkinificha, mimi namtibu mtoto ambaye hayupo."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa na mdomo na ulimi. Nikatazama ukutani, palipobandikwa picha ya kunawa mikono, nikaisoma mpaka mwisho. Daktari alipunguza dawa kidogo kidogo, wiki kwa wiki, na Mize akaanza kurudi, macho kwanza, kisha maneno, mwisho ubishi. Lakini bibi hakurudi.

Bibi hakuagiza kombe tena maishani mwake. Kila asubuhi alimkalisha Mize mkekani, akautia ule mkono mafuta ya nazi, akavinyoosha vidole kimoja baada ya kimoja, navyo vinajikunja tena. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Nilidhani anasoma dua. Siku nilipokaribia nikasikia anasema nisamehe, nisamehe, nisamehe. Miaka ilipita hivyo. Mimi nilikaa pale pale na chai yangu, nikachovya mkate.

Mama alikwenda mbele ya haki kabla ya mama yake, na wakati bibi anaugua, wa kumtazama nilikuwa mimi, mtu wa ndani, niliyemaliza kidato cha nne na sikuona haja ya kwenda popote. Wajukuu wa upande mwengine walimletea kombe. Alipoisikia ile harufu aligeuzia uso ukutani. Jioni yake, nampa uji, akanishika mkono. Macho yalikuwa yamekwishafunga kabisa.

"Hivi ule nkono wa Mize," akasema, "mie nilikosea wapi?"

Nikamtengeneza mto. Nikamuuliza kama uji una moto.

Siku ya tatu tulimzika.

Mwaka jana nilijikaza nikaenda mpaka Jadida, Wete, kwa Mize. Ana mume, ana watoto wawili na cherehani, ile mikono miwili imezoeana, mmoja ukishika na mmoja ukikandamiza kitambaa. Nikamsimulia yote, kuanzia kiti mpaka mpapai. Alinisikiliza amefungua mdomo, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ule mkono uliojikunja.

"Kwa hivyo wiki nzima mpapai ndio uliokuwa unatibiwa! Ndiyo maana haujaanguka hata siku moja."

Simu yake ikalia. Ni ya dawa, anaitega kila siku saa mbili. Akachukua kidonge chake, akakimeza kwa maji matupu, akanionesha ulimi kama mtoto kuwa kimepita, akaniambia yamekwisha, nile tambi. Nilirudi Wawi mwepesi. Nilijiona nimesamehewa, na nikawa nalitembeza hilo kichwani kama mtu aliyeshonewa nguo mpya.

Kwa hivyo wiki iliyopita, pale ukumbini kwa Bi Riziki, harufu ya waridi imejaa pua, nikamhadithia na yeye. Nilimhadithia vizuri, na utani wa Mize nikautia mwishoni ili tucheke pamoja. Labda nilikuwa nangoja pole. Bi Riziki hakucheka. Alimaliza kumimina, akafunga chupa, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaliweka kawa lake kando. Ana miaka mingi sasa, na kwenye kiganja bado ana alama ya moto wa siku ile.

"Vidonge ulitia una miaka tisa, kwa hilo sikusemi," akasema. "Bibi yako tumemzika weye una miaka ishirini na mbili."