Laptop Iliyozimika Mchana wa Oktoba

Baba alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, nilirudi Tabora kumtunza. Mama alikuwa ameshafariki, na ndugu zangu wana watoto wadogo. Mimi kazi yangu ni kutafsiri, nayo inafanyika popote penye umeme. Nikafungasha nguo na laptop, nikapanda treni.

Ilikuwa Oktoba, mvua bado, na joto la Tabora mwezi huo halina simile. Chumba changu cha zamani hakikuwa na meza, kwa hiyo nilifanyia kazi kitandani, laptop juu ya blanketi. Ikikaribia adhuhuri feni yake ilianza kuvuma, kisha chini ikawa ya moto hata kuigusa nashindwa. Mara kioo cheusi. Sentensi nilizokuwa sijazihifadhi zikapotea.

Baba alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni. Jicho lake lilikawia kupona, likabaki limefunikwa, na la pili lilikuwa linaona ukungu tu. Aliishi kwa masikio.

"Imezimika tena?" akauliza.

"Imezimika, baba."

"Nimeisikia. Inahema kama mbuzi aliyekimbizwa." Akafikiri kidogo. "Izungushie kitambaa kibichi. Kule Sikonge, tukienda porini kurina asali, chupa za maji tulizizungushia gunia bichi. Maji yanakuwa baridi, raha tupu."

"Baba, maji yakiingia humo ndani sina kazi tena."

"Basi ipeleke kwenye mtungi wa maji. Pale ukumbini sakafu ina ubaridi."

Nikaipeleka. Nikakaa chini kwenye saruji, mgongo ukutani, laptop mbele yangu pembeni ya mtungi. Siku hiyo ilivumilia zaidi, lakini alasiri ikazimika vilevile. Nikaamua kuifungua. Baba alikuwa na bisibisi ndogo ya redio, akanielekeza kabatini ilipo. Yeye mwenyewe akaketi akashika kisosi, nami nikawa namtilia skrubu humo moja moja.

Nilipoinua kifuniko cha chini nilicheka. Feni ilikuwa imevaa sweta: vumbi jekundu limeshikana na manyoya ya blanketi, hakuna hata upenyo wa hewa. Nikalichomoa lile donge kwa kibano cha nyusi, nikamwekea baba kiganjani. Akalisugua kwa vidole.

"Manyoya haya, blanketi lenyewe rangi gani?"

"Zambarau."

"Basi ni lile blanketi la mama yako," akasema.

Nilikuwa nalalia blanketi lile kila usiku bila kujua. Akanieleza kwamba mama alilichagua Urambo, mwaka waliovuna tumbaku yao ya kwanza. Yeye, baba, alitaka la kijivu lisiloonyesha uchafu. Mama akamwambia, mbele ya mwenye duka, kwamba kijivu watavaa wakifa. "Mwenye duka alicheka mpaka akakaa," baba akasema, na yeye mwenyewe akacheka. Tangu msiba sikuwahi kumsikia akimtaja mama kwa kicheko. Bisibisi ikabaki mkononi mwangu, laptop wazi sakafuni, nikimsikiliza mpaka adhana ya magharibi.

Niliifunga siku iliyofuata. Haikuzimika tena, ingawa mchana ilikuwa bado inachemka, kwa hiyo nikaazima meza kwa jirani na kuanza kazi alfajiri. Jua likipanda naizima, nakwenda kukaa na baba. Sikuhitaji kumuuliza kitu. Alikuwa anaanza mwenyewe kunisimulia habari za mama.

Jicho lilipofunuliwa, tulitoka hospitali ya Kitete kwa miguu kwa sababu alitaka kutazama. Alisoma kila kibao cha duka kwa sauti. Nyumbani akaja moja kwa moja mezani kwangu, akainama mbele ya kioo, akakunja uso.

"Maandishi yote haya madogo ndiyo unayatazama kutwa?"

"Ndiyo, baba."

"Yakuze, mwanangu," akasema, akavuta kiti akakaa kando yangu. "Nami nisome."